Kofia Isiyo na Ukanda

Chini ya jengo walimokaa wanafunzi wangu, pale Karama, Dubai, palikuwa na dobi. Mlango wake ulikuwa mwembamba, na ndani Mmalabari mmoja mwenye ndevu za mvi alisimama kutwa nyuma ya meza ya pasi, akinyoosha kanzu za Waarabu mpaka zikawa ngumu kama karatasi. Nilikuwa nimempita mara nyingi bila kumtazama. Ijumaa moja aliuacha mlango wazi kwa sababu ya joto, na mvuke wa pasi ukatoka mpaka njiani ukanipiga usoni. Ulikuwa na harufu ya wanga. Si marashi wala sabuni. Ni ule wanga unaochemshwa, ukanyweshwa kitambaa cheupe, kisha ukaguswa na moto.

Nilishika ukuta. Kijana mmoja Mganda, mlinzi wa jengo, akaacha kiti chake akaja mbio. "Mama, uko sawa? Nikuletee maji?" Nikamwambia niko sawa, alhamdulillahi, ni joto tu. Akaniletea maji hata hivyo, na nikayanywa nimesimama, jambo ambalo siku zote nawakataza wanafunzi wangu.

Haikuwa joto. Ilikuwa nyumba ya Hemedi na Faki.

Miaka ile Metro ya Dubai ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa nimehamia kwa binti yangu, Jumeirah Village Circle, nimsaidie kulea. Mungu amenipa watoto wema, na uzee wangu umekuwa na kivuli. Kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda Karama kuwasomesha Kurani wanawake wa kwetu, wafanyakazi wa majumbani na wasafishaji wa hoteli, wale ambao madamu zao waliwapa siku ya mapumziko. Nimekuwa mwalimu tangu ujana, kama baba yangu. Lakini kuna somo moja ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa kwa gharama ya watu wengine, na siku ile ya dobi nilijua sijawahi kulisimulia kwa mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Mji wetu ulikuwa mdogo, huko Pemba, wa kujuana mpaka kwa kikohozi. Hemedi alikuwa na nyumba aliyoachiwa na mama yake, yenye baraza mbili na bati lililoshika kutu. Faki alikuja kutoka upande mwingine wa kisiwa, kijana wa kutafuta kazi ya karafuu, akapewa chumba na yule mama alipokuwa hai. Msimu ukaisha, mama akafa, miaka ikapita, Faki hakuondoka. Mtaa ulimwita "mpangaji wa Hemedi". Hata nywele zake zilipoanza kuwa nyeupe aliitwa hivyo hivyo, mpangaji.

Kazi yao ilikuwa kushona kofia za mkono, zile nyeupe za viua vya vishimo vidogo, ambazo bwana harusi huagiza miezi mingi kabla. Anayejua kofia anajua kwamba ni vitu viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kimoja hutobolewa vishimo kimoja kimoja, na kila kishimo huzungushiwa uzi. Kwingine mtu mmoja hushona vyote viwili. Kwao, Hemedi alishona duara na Faki alishona ukanda, kisha siku ya kuunganisha waliketi magoti yakigusana, huyu ameshika juu, yule ameshika chini, wakapitisha sindano moja kwa zamu. Hapo ndipo Hemedi aliposonga wanga wa muhogo katika sufuria nyeusi. Kofia ililoweshwa, ikavishwa juu ya bakuli lililofudikizwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi ya makaa. Wazee wa mji waliigeuza kofia yao ndani nje kutafuta mahali pa mshono, wakashindwa kupaona.

Baba ndiye aliyenipeleka pale nijifunze. Bibi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ameanza kupungukiwa na macho, na Baba alitaka nipate kazi ya mikono. Leo hilo hunipa mawazo. Baba alikuwa Maalim wa mtaa, mtu aliyejua kila mtu anaishi vipi, na alinituma binti yake katika nyumba ile kila alasiri bila wasiwasi.

Nilikaa barazani baina yao, na maneno yao yalinipita kichwani kama mpira.

"Faki, hii chai umeitia tangawizi au umeitia dawa ya mchango?"

"Kunywa, yakhe. Ulimi wako ndio unaohitaji dawa."

"Mtoto huyu ni shahidi. Siku nikifa, mseme ni chai."

"Utakufa umeshiba maneno."

Watoto wa chuo cha Kurani cha Baba walikuwa wakipita na kupiga kelele toka mbali: "Bi Hemedi! Mume amerudi?" Hemedi hakuinua hata uso kwenye sindano. "Amerudi," alijibu, "na ameuliza mbona hujakoga!" Watoto wakacheka wakakimbia, nami nikacheka nao. Watu wazima nao walikuwa na utani wao, laini zaidi, wa kutupwa pembeni. Lakini ilipofika harusi walikuja wale wale kuagiza kofia, na Idi ilipofika sahani ya Hemedi na Faki ilipelekwa moja, kubwa.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa na kitanda cha kamba, kikubwa, chenye chandarua. Kingine kiliitwa "chumba cha Faki". Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa mle kuleta uzi, na nilijua kila kilichokuwamo: marobota ya bafta ya kushonea kofia, magunia ya makumbi, sanduku la marehemu mama. Kitanda hakikuwamo. Siku moja nikamuuliza Faki, "Ami, wewe unalala wapi?"

"Nalala usingizini," akasema, na Hemedi akacheka mpaka akajichoma kidole.

Mimi nilipata jibu langu mwenyewe. Mimi na Bibi tulilala kitanda kimoja. Binamu zangu watatu walilala kitanda kimoja. Kwangu, kitanda kimoja kilikuwa na maana moja tu: jamaa. Basi nikaamua kwamba Hemedi na Faki ni ndugu, baba mmoja au mama mmoja, na kwamba neno "mpangaji" ni utani mwingine wa mtaa, kama ule wa "Bi Hemedi". Nilijisikia mwerevu kwa kugundua jambo ambalo, kama nilivyodhani, wakubwa hawakulijua.

Wiki ile ile Baba alikuwa akitufundisha chuoni habari ya ushahidi. Alitueleza kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi. Alilisema kwa upole, kama alivyosema kila kitu, lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchukua maneno nyumbani na kulala nayo. Nililala nikiuogopa moyo wangu.

Kisha akaja ami yake Hemedi, Bwana Sefu, kutoka Unguja. Alikuwa mtu wa heshima zake, na sitamsema kwa ubaya. Alitaka Hemedi aoe binti wa jamaa yao na kizazi cha nyumba ile kisikatike. Alisema, na kwa haki, kwamba mke hawezi kuletwa katika nyumba yenye mwanamume wa kando. Kwa hiyo mpangaji aondoke.

Wakakutana barazani kwa Hemedi baada ya Alasiri. Bwana Sefu alikuja na wazee wawili wa jamaa, na Baba akaitwa kwa kuwa ni Maalim na jirani. Mimi nilikuwa pembeni na kitambaa changu cha kujifunzia, nikitoboa kiua nilichopewa na Faki. Faki mwenyewe aliketi karibu na mlango, pini mdomoni, akishona kama vile hazungumziwi yeye.

Baba alisema maneno machache. Alisema mpangaji ana haki yake. Mtu huyu aliwekwa na marehemu mwenyewe. Amekaa miaka bila kumkosea jirani, ana chumba chake, ana mlango wake. Kumtoa ghafla si uungwana. "Apewe muda," Baba akasema. "Msimu wa karafuu ukiisha, tutakaa tena. Na habari ya mke, Bwana Sefu, haiharakishwi kama chungu kilicho mekoni."

Bwana Sefu akapapasa ndevu. Niliona bega lake likishuka. "Ana chumba chake?" akauliza.

"Ana chumba chake," Baba akasema.

"Basi na iwe hivyo. Baada ya karafuu."

Lilikuwa limekwisha. Hemedi alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuleta kahawa. Nami, katika akili yangu ya miaka minane, sikusikia kwamba Faki amepona. Nilisikia kwamba baada ya karafuu Faki atafukuzwa, na kwamba wakubwa wote wamekosea jambo moja dogo ambalo mimi peke yangu nalijua, na ambalo lingemwokoa kabisa.

Nikasimama. "Ami Sefu," nikasema, "Faki si mpangaji. Ni ndugu yake Hemedi. Hicho chumba hakina kitanda, kina magunia tu. Wanalala kitanda kimoja, kama mimi na Bibi. Na ndugu hafukuzwi."

"Nyamaza, mwanangu," Baba akasema.

Sijapata kuisikia sauti ile kwake, wala kabla wala baadaye. Ningenyamaza. Lakini niliukumbuka moyo wangu. "Wallahi, Baba, nimeona kwa macho yangu! Wewe si ulisema tusifiche ushahidi?"

Hemedi alikuwa mlangoni na deli la kahawa na vikombe.

"Maalim," Bwana Sefu akasema polepole, "umemsikia mwanao."

"Nimemsikia mtoto."

"Mtoto aliyeapa. Na nifunguliwe hicho chumba nikione."

Wale wazee wawili walitazama chini, na baada ya miaka mingi nilikuja kuelewa kwamba nao walikuwa wakijua, na kwamba katika baraza ile mtu aliyekuwa hajui ni mmoja tu, mimi. Bwana Sefu naye, naamini, alikuwa akijua. Alikuja kutafuta njia ya kuondoka na heshima yake bila kulazimika kujua, na Baba alikuwa amempa njia hiyo, na mimi nikaifunga.

Faki akaanza kutoa pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazitia katika kikopo chake, na kila moja ililia. Akaweka kifuniko. Kisha akasema, "Hakuna haja ya kufungua. Nitaondoka."

Nilimtazama Hemedi. Nilimngojea aseme. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu, hata watoto wa njiani, na siku ile alisimama na deli mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Kabla ya Magharibi Faki alipita kwetu kuaga. Alikuwa na mkoba mdogo wa ukili, na mkononi alikuwa ameviringisha kanda za kofia ambazo hazijaunganishwa. Baba alitoka, wakashikana mikono, na Baba hakumwachia upesi. Nilikuwa nyuma ya mlango nikilia, kwa sababu nilijua nimefanya jambo ila sikujua ni lipi. Faki akachuchumaa tukawa sawa.

"Usilie. Umesema ulichokiona." Akanyoosha mkono akachukua kitambaa changu, akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki kiua, kishimo cha tatu kimetoka nje ya mstari. Kifumue uanze tena."

Nikakifumua usiku ule ule, mbele ya Bibi. Uzi ulitoka wote. Kishimo kilibaki.

Baba hakunipiga. Hakunigombeza hata siku moja, mpaka anakufa. Siku tatu hakula vizuri, kisha akarudi chuoni, na somo lililofuata lilikuwa la sitara. Alitueleza kwamba anayemsitiri mwenzake, Mungu atamsitiri yeye, na kwamba aibu ya mtu uliyoiona bila kuitafuta ni amana uliyowekewa. Alisema akitazama mkeka. Toka mwaka ule mpaka alipoacha kufundisha, alianza na sitara, kisha ndipo akaja kwenye ushahidi. Mimi pia nimefundisha kwa mpangilio huo maisha yangu yote, na wanafunzi wangu hawajapata kuniuliza kwa nini.

Bibi ndiye aliyenieleza, nilipokuwa msichana mkubwa na nimeanza kuelewa nusu. Tulikuwa tukichambua mchele. Alisema kwamba watu wa namna ile hawakuanza na Hemedi. Zamani za mama yake, kwenye harusi za wakubwa, walikuwapo wanaume waliopiga ngoma na kuimba katikati ya wanawake, wamejifunga kanga, na wanawake hawakujifunika mbele yao. Kila mtaa ulikuwa na wake. "Tukiwacheka," Bibi akasema, "na tukiwalisha. Harusi ikipoa tukiwatafuta. Na tukikasirika tukiwatukana matusi ambayo mbwa hatukanwi. Yote mawili tulikuwa tukifanya."

"Na Hemedi na Faki?"

"Hao walikuwa kimya. Mtu wa kimya hapewi jina. Mpe jina, itabidi umfanye kitu. Sisi tukamwita mpangaji." Akapepeta ungo. "Walipokuja watu wenye sauti kubwa zaidi, wa serikali na wa dini, hata ule mzaha ukaondoka. Ikabaki hasira peke yake. Sijui ni bora. Zamani nako hakukuwa kwema, usidanganywe. Babu yako mdogo alimvunja mmoja mkono, kisha akaenda kucheza ngoma yao."

Nikamuuliza kama mimi ndiye niliyemfukuza Faki. Bibi alikuwa mtu mkweli. Akapapasa mchele, akatoa chuya moja. "Wewe ulifungua mlango," akasema. "Waliotoka na fimbo ni wengine."

Hemedi aliozwa. Yule binti alikuwa mwema, alikaa miezi michache, akarudi kwao bila kumsema vibaya. Hemedi akaendelea kushona. Lakini alishona maduara tu. Nilikwenda bado, alasiri, kwa sababu Baba alisema niende, na nikamwona akimaliza duara moja akianza jingine, safi, viua vyake kama mvua ndogo, na kuyapanga katika sanduku la mama yake. Watu walimwambia, "Hemedi, tafuta mtu wa kukushonea kanda." Akasema, "Nitatafuta." Mmoja alimletea ukanda aliokwisha kuushona. Aliutazama kwa adabu, akamrudishia. Sufuria ya wanga ikashika vumbi, kwa maana duara peke yake haliwekwi wanga, halina kitakachosimama.

Mimi hakunilaumu. Hilo nalo nilililia. Siku moja tu, bila kuinua macho, alisema, "Chai yangu mwenyewe siiwezi. Haina dawa."

Alikufa kwa homa kabla sijavunja ungo. Bwana Sefu alikuja mazishini. Baba alimwosha kwa mikono yake, yeye na wazee wale wawili wa baraza, na mtu mmoja alipouliza mlangoni kama inafaa, Baba alimwambia, "Lete maji ya moto," na yule mtu akaenda akayaleta. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa limejaa maduara mpaka juu. Bibi akaniokotea moja, akalitia katika mfuko wa juzuu yangu.

Habari za Faki zilitufikia mara moja tu. Mchuuzi mmoja alimwona Tanga, amekaa mbele ya duka, akishona kofia nzima peke yake. Baba akauliza, "Nzuri?" Mchuuzi akasema, "Wallahi, Maalim, hapana. Ukanda mzuri. Juu kumeharibika."

Baada ya hapo hatukusikia tena.

Haya ndiyo niliyopanda nayo ngazi Ijumaa ile. Chumba cha wanafunzi wangu kilikuwa cha wanawake saba na vitanda vinne, kila kitanda kina pazia lake. Tukasoma. Tulipomaliza, Zuwena, mtu wa Tanga, mchangamfu, hodari wa tajwidi kuliko wote, akanivuta jikoni.

"Mwalimu, humu mna aibu. Mariamu na yule Hadija wa Kampala. Pazia moja. Na si kwa kukosa nafasi, mimi nimempa Hadija nusu yangu akakataa. Mama mwenye chumba anakuja leo. Nikisema mimi atasema nina wivu. Ukisema wewe, khalas, yamekwisha."

Niliyajua yaliyokuwa nyuma ya ile khalas. Mwenye chumba angewatoa siku ile ile, na asingenyamaza. Kazi zingekwenda, viza zingekwenda, na katika nchi ile huenda pangekuwa na polisi pia. Mariamu alikuwa akisomesha wadogo zake wanne.

Na mimi nilikuwa nimeona. Mzee huona. Nilikuwa nimeona Hadija alipougua, na mkono wa nani ulikuwa juu ya paji lake, na ulikaa vipi. Ila safari hii sikuwa na miaka minane, nilielewa nilichokiona. Nikauogopa moyo wangu, kama zamani.

"Zuwena," nikasema, "humu mna vitanda vingapi?"

"Vinne."

"Na watu?"

"Saba."

"Basi ni wangapi humu wanaolala na mwenzao?"

Akataka kucheka, akajizuia. "Mwalimu, unajua ninachosema."

"Najua. Na wewe unajua kwamba nimekujibu."

Akainamisha uso. Nikamshika mkono, kwa sababu hakuwa mtu mbaya; alikuwa na umri wa kutaka kila kitu kisemwe. Nikamwambia ninayoyajua yaliyo halali na yaliyo haramu sikuyasahau, na sikumwomba ayasahau. Lakini kuna amana, na kuna mwenye kuhukumu, naye hakunituma kuchungulia nyuma ya pazia. Nikamwambia pia kwamba niliwahi kusema kweli mbele ya watu, nikaapa juu yake, na sijapata kuirudisha. Aliniuliza ilikuwa kweli gani. Nikamwambia ilikuwa ya kitanda.

Mwenye chumba alipokuja, mama mnene wa Dar es Salaam na simu mbili mkononi, akaniamkia, kisha akauliza kwa sauti ya wote kusikia, "Mwalimu, vipi, watu wangu wana adabu?"

Zuwena alikuwa anakunja mikeka. Mariamu alikuwa amesimama karibu na dirisha, na uso wake ulikuwa kama wa Hemedi mlangoni na deli la kahawa. Yeye na Hadija walikuwa wamesikia, kuta za Karama ni nyembamba.

"Wana adabu," nikasema. "Na leo wamesoma vizuri."

"Alhamdulillahi," akasema mwenye chumba, akageukia simu yake. Zuwena akaendelea kukunja mikeka. Nilipokuwa nikivaa viatu, Hadija akaniletea chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno, ikaniunguza koo, na nikainywa mpaka chini.

Ijumaa iliyofuata nilitoka nyumbani na mfuko wangu wa juzuu, na ndani yake lile duara. Nimehama nalo nyumba saba na nchi mbili. Lilikuwa limekuwa la rangi ya maziwa yaliyolala, laini kama ngozi ya mzee. Nikaingia kwa yule Mmalabari nikaliweka juu ya meza yake. Nikamwonyesha kwa mkono: wanga, pasi.

Alilinyanyua kwa vidole viwili, akalielekeza kwenye taa, akatazama vishimo kwa muda mrefu. Mtu wa kitambaa hutambua mkono. Kisha akaligeuza, akatafuta pembeni, akanitazama. Akaniuliza kwa kile Kiarabu chetu cha Dubai, kisicho cha kwake wala changu: "Mama, hadha nuss. Wein nuss thani?" Hii ni nusu; nusu ya pili iko wapi?

Nilitaka kumwambia Tanga. Nilitaka kumwambia sijui, na kwamba ni mimi niliyezitenga.

"Ind Allah," nikamwambia. Kwa Mungu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Akasogeza kando kanzu za watu, akatandika kitambaa safi, akalilaza duara la Hemedi katikati, akaanza kulinywesha wanga.